Ukikwama, ubishe hodi wapi kwanza? Mtaa, TASAF, ustawi wa jamii, nyumba ya ibada na kikundi

Bibi mmoja jirani yangu alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki aliouviringisha mara tatu na kuufunga kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki ya mjukuu, cheti cha kifo cha binti yake, na barua ya mtaa isiyo na muhuri. Kwa barua ile alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili, na kila safari ni nauli. Siku niliyomsindikiza tuligundua kwamba hata muhuri ungekuwepo usingesaidia kitu. Mjukuu wake wa miaka saba alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, na bibi alikuwa anatafuta nafuu ya gharama. Benchi alilokuwa amelikalia muda wote ule lilikuwa la ofisi ya maendeleo ya jamii, wanaoshughulikia vikundi na mikopo. Alitakiwa aende ustawi wa jamii. Majina yanafanana, milango iko jirani, na hakuna aliyemwambia.

Nimewasindikiza majirani wengi kwenye ofisi za namna hii, bila cheo chochote, kwa kuwa tu najua kusoma fomu na sioni haya kuuliza. Nilichojifunza ni kwamba hapa kwetu Tanzania msaada upo zaidi ya watu wanavyodhani, ila kila mlango una kazi yake, mwendo wake na masharti yake. Mtu akianza na mlango usio wake, anachoka kabla hajaufikia ulio wake. Ndiyo maana nimeona niiweke milango hii bega kwa bega.

Leo, mwezi huu, au miaka

Jiulize kwanza: shida yako ina haraka kiasi gani? Kama watoto hawajala tangu jana, TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, haiwezi kukufaa leo hata kama sifa zote unazo. Wa leo ni jirani, jumuiya, msikiti. Kama baba wa mtoto ameacha kutoa matumizi, hilo ni la mwezi huu na miezi mingine mingi ijayo. Mchango wa kanisani utakuvusha wiki mbili kisha utarudi palepale. Hapo unahitaji ustawi wa jamii. Na kama nyumba nzima haina kipato cha kueleweka, unahitaji kitu cha miaka, ambacho huanza kwa kuingia kwenye orodha.

Swali la pili wengi hulikwepa: uko tayari nani ajue? Mlango wa karibu una haraka, lakini una masikio. Wanawake thelathini mnaokutana kila Jumamosi hawataweza kukutunzia siri ya ndoa yako, hata wakupende vipi. Afisa wa halmashauri hakujui, na kesho yake jina lako amelisahau. Kuna siku hilo ndilo linalokufaa.

Ofisi ya mtaa, mlango wa kupitia

Kijijini ni ofisi ya kijiji, mjini ofisi ya mtaa, Zanzibar kwa sheha. Ofisi hii yenyewe haina fedha ya kukupa, na anayekwenda kuomba hela hapo huondoka amekasirika bure. Anachotakiwa kuomba ni barua ya utambulisho, maana ofisi nyingi za serikali, hospitali na hata mashirika yataanza kwa kukuuliza barua hiyo.

Watu huchanganya viongozi watatu. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa karibuni ulifanyika Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye anayeshinda ofisini na karatasi. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama tawala. Anakufahamu, na neno lake kwa mtendaji linaweza kukurahisishia, ila usiishie kwake. Na usiogope kwenda ofisini eti kwa sababu kura yako hukumpigia mwenyekiti aliyepo. Ukazi wako ndio unaokupa haki ya barua.

Barua yenyewe ina namna yake. Zile za "anayehusika apewe msaada" hazifiki mbali. Ile tuliyomwandikisha bibi mara ya tatu ilisema hivi: mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, anaishi na wajukuu wanne, hana kipato cha kudumu, anaomba kufikiriwa msamaha wa gharama za upasuaji wa mjukuu wake mwenye umri wa miaka 7. Ilitaja hospitali inakokwenda. Majina yaliandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa sababu ya kwanza ilikosea jina la ukoo. Kisha tarehe, saini, muhuri. Isome kabla hujatoka mlangoni, au mpe mtu akusomee. Na ukidaiwa hela ya barua, omba risiti; mara nyingi ukiitaja risiti, lile deni huisha hapohapo.

TASAF na nyumba ya ibada

Hivi viwili watu huviweka kapu moja kwa sababu vyote "vinatoa", lakini vinatofautiana karibu kwa kila kitu.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulianza mwaka 2012. Huendi ofisini ukajaza fomu ukaingia. Utambuzi hufanyika kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia: wakazi wenyewe hutaja kaya zenye hali ngumu, dodoso hupitishwa nyumba kwa nyumba, na orodha hurudishwa mbele ya watu ithibitishwe. Uzuri wake ni kwamba ukiingia unapata kitu cha kutegemea. Ruzuku kwa kawaida hutolewa kila baada ya miezi miwili. Sehemu yake ina masharti: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kaya zenye watu wa kufanya kazi huweza kupewa ajira za muda, hadi siku 60 kwa mwaka, kwenye miradi ya mtaa au kijiji kama barabara, malambo na upandaji miti. Walengwa pia huhimizwa kuunda vikundi vya kuweka akiba, na hapo nimewaona kina mama waliotoka kwenye ruzuku wakiwa na kuku na kibanda cha biashara.

Ubaya wake ni muda. Utambuzi hauwi kila mwezi. Ukipitwa na mkutano ule unaweza kusubiri miaka. Wanaopitwa zaidi nawajua: wapangaji wanaohamahama, wajane wanaoona aibu kutajwa hadharani, na watu wenye ulemavu ambao hakuna aliyewabeba kuwafikisha mkutanoni. Kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu. Nenda hata kama ajenda ni maji au barabara, maana watu hutaja jina la yule wanayemwona. Kama mwenyewe huwezi, tuma mtu atakayesimama akutaje. Na atakayekuuzia fomu ya kuingia TASAF, huyo ni tapeli. Hakuna fomu ya kununua.

Wa Zanzibar wana kitu ambacho bara hakipo. Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016, ni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, na mzee hatakiwi kuthibitisha kwamba ni maskini. Umri na ukazi vinatosha. Natamani siku moja bara tuwe na kama hicho, kwa sababu nimeona sana wazee wakishindwa kusema hadharani kwamba hawana.

Nyumba ya ibada ni kinyume cha TASAF. Haina orodha ya miaka, haina dodoso, na msaada unaweza kufika jioni ileile. Msikitini, ujue kwamba zaka ni sehemu ya arobaini ya mali, asilimia 2.5, inayomlazimu kila mwenye mali iliyofika kiwango na kuzungukiwa na mwaka. Katika makundi manane yaliyotajwa kwenye Qurani kuwa ndio wastahiki, mafukara na masikini ni wa kwanza. Kwa hiyo mwenye shida anayekwenda kwa imamu anadai fungu lake, na ningependa watu waende na moyo huo badala ya kujikunyata. Wengi wenye mali hutoa zaka Ramadhani. Shida inayoweza kusubiri, ipeleke kabla mwezi haujaingia, orodha ikiwa bado inaandikwa.

Kwa Wakatoliki, mlango ni jumuiya ndogondogo, zile nyumba kumi au ishirini zinazosali pamoja kila wiki. Mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayekupeleka parokiani, ambako mara nyingi kuna chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kinachowatembelea wahitaji majumbani, na shida kubwa huweza kupelekwa Caritas ya jimbo, shirika la misaada la Kanisa. Walutheri wana idara ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji. Makanisa mengine nayo yana utaratibu wake, mara nyingi kupitia idara ya kina mama.

Upungufu uko wapi? Msaada wa ibada hutegemea mfuko wa siku hiyo, na hutegemea kama unajulikana. Mwenyekiti wa jumuiya atakuuliza, kwa upole, mbona hatukuoni. Si wote, na mashirika makubwa ya kidini huhudumia bila kuuliza dini, ila kwenye ngazi ya mtaa jambo hilo lipo na ni heri ulijue. Tena msaada huu hauna daraja la pili. Wakikupa mara tatu, mara ya nne utaona wewe mwenyewe unapita njia nyingine kuwakwepa.

Mimi nikimpata mtu mwenye njaa leo, nampeleka nyumba ya ibada. Nikishamaliza hapo nampeleka kwa mtendaji wiki hiyohiyo kuuliza utambuzi wa TASAF umefikia wapi, kabla shibe ya siku tatu haijamsahaulisha.

Ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii

Hapa ndipo bibi alipopotelea, na sehemu hii nataka uisome kwa utulivu kuliko nyingine zote.

Maendeleo ya jamii ni watu wa kukuinua: vikundi, usajili wake, mafunzo, mikopo ya halmashauri. Ustawi wa jamii ni watu wa kukushika unapoanguka: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na mtu, mtu mwenye ulemavu, ugomvi wa familia, mgonjwa asiyeweza kulipa. Ukiwa na wazo la biashara na wenzako mko tayari, ni maendeleo ya jamii. Ukiwa na mtoto kitandani, ni ustawi. Maafisa hao hupatikana halmashauri, na baadhi ya kata zinao wao wenyewe.

Wengi hawajui kwamba hospitali kubwa zina afisa ustawi wao humohumo ndani. Ukilazwa au ukilaza mtu na bili ikakushinda, usitoroke usiku na usikae kimya ukisubiri siku ya kuruhusiwa. Muulize muuguzi wa wodi ofisi ya ustawi iko wapi, siku ya kwanza. Kuna makundi yanayostahili msamaha kwa sera: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waliotambuliwa, na wagonjwa kama wa kifua kikuu na UKIMWI kwa dawa zao. Asiyeingia humo, kama mjukuu wa bibi aliyekwisha kupita miaka mitano, hupimwa kwa hali yake: unaishi na nani, nani analeta chakula, nyumba ni yako au umepanga. Bibi alikaa mbele ya afisa kama nusu saa. Aliulizwa swali moja mara mbili kwa maneno tofauti, akaudhika, nami nikamgusa mkono. Mwisho gharama ya upasuaji ilisamehewa. Baadhi ya dawa tulinunua nje, na hizo ndizo tulizozichangia mtaani.

Sasa matunzo ya mtoto. Hili linawasumbua wanawake wengi, na kwa kawaida wana milango mitatu mbele yao: wazee wa ukoo, viongozi wa dini, na ustawi wa jamii.

Ukoo ni rahisi. Kikao hufanyika Jumapili, hakuna nauli, na baba wa mtoto huona aibu mbele ya wajomba. Namjua binti aliyemaliza namna hiyo. Palisemwa maneno mazuri, mzee mmoja akalia. Fedha ilikuja mwezi wa kwanza, ikaja nusu mwezi wa pili, ikakatika. Aliporudi kwa wazee wakamwambia avumilie, kijana hana kazi. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hata kiasi kilichokubaliwa wazee wawili walikikumbuka tofauti.

Viongozi wa dini wana nguvu pale ambapo ndoa bado ipo na wote wawili wanawaheshimu. Tena kwa ndoa, sheria ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, na baadhi ya mabaraza hayo ni ya kidini. Kwa hiyo njia hii haipotezi muda. Ila baba ambaye hakuoa, na hasali popote, sheikh au mchungaji atamshikia wapi?

Ustawi hutuma wito. Anakuja, mnakaa pande mbili za meza, kiasi kinaandikwa, mnasaini. Akivunja, kuna karatasi ya kuonyesha kwamba alikiri mtoto na alikubali kutoa, na shauri linaweza kwenda mahakama ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote wa chini ya miaka 18, na wajibu wa kumtunza ni wa wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Njia hii ni ndefu. Utaambiwa urudi, wito wa kwanza atapuuza, nauli itakuuma. Hata hivyo kwa matunzo ningekushauri uanze hapa, na kikao cha ukoo kiwe cha kusaidia tu, kikiandikwa muhtasari na kusainiwa na wote waliokuwepo.

Mambo yakifika kwenye sheria, usidhani lazima uwe na hela ya wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao wako hadi wilayani na huduma yao ni bure. Kwa Dar es Salaam, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wamewahudumia watu wasio na uwezo kwa miaka mingi. Msaidizi wa kisheria atakuandikia barua na kukuelekeza mahakama ipi; kesi nzito ataipeleka kwa wakili.

Pale siri inapokuwa uhai

Kwenye kupigwa, kubakwa, au mtoto kuchezewa, silinganishi milango. Hapana ukoo, hapana kikao cha usuluhishi, hapana kuombewa kwanza. Nimeona kesi ya mtoto ikimalizwa nyumbani kwa mbuzi na soda, na bado inaniuma.

Nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au nenda moja kwa moja hospitali. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wako mahali pamoja, ili mtu asisimulie jambo lile mara nne kwenye ofisi nne. Kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa. Kwa mtoto, piga 116. Ni bure, mchana na usiku, na anaweza kupiga mtoto mwenyewe, jirani au mwalimu. Huna haja ya kuwa na uhakika wa asilimia mia ndipo upige.

Kikundi, na mkopo wa halmashauri

Kikundi ni mlango mzuri sana kwa aliyeingia kabla ya shida. Kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, pamoja na hisa, kila mkutano kila mtu hutoa kiasi kidogo cha mfuko wa jamii, na mfuko huo ndio unaomtoa mwanachama akifiwa au akiugua. Katiba ya kikundi husema ni shilingi ngapi kwa msiba wa mzazi, ngapi kwa kulazwa. Hakuna kubembeleza, fungu linatoka siku hiyohiyo. Ila usijiunge na kikundi wiki uliyokwama ukategemea kikuokoe. Vingi vina muda wa kungoja, na sidhani ni vibaya, kwa sababu fedha ile ni ya wenzako waliojinyima. Hakikisha tu kwamba kimesajiliwa, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka, na kwamba funguo za sanduku ziko kwa watu tofauti na mwenye sanduku.

Mkopo wa halmashauri ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Ukiulinganisha na kikundi, una fedha kubwa zaidi, lakini ni deni, na unataka andiko la biashara, kikundi kilichosajiliwa, na subira. Mtu akiniambia mtoto anaumwa na anataka mkopo wa asilimia 10, namwambia hapana. Mkopo wa biashara ukiulia hospitali, utabaki na deni na wenzako waliokudhamini watabaki na wewe. Tafuta msamaha kwanza. Mkopo ufuate mtoto akishapona.

Na kuna mlango mmoja uliofunguka kila kona, kausha damu, yaani mikopo ya haraka ya riba kubwa. Unapata hela ndani ya dakika kumi, na kwa mwenye mgonjwa dakika kumi ni kitu. Lakini nimeona kitanda, televisheni na cherehani vikibebwa mbele ya watoto. Wa kwenye simu nao hutuma ujumbe kwa watu wote uliowahifadhi humo, hata bosi wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Bora ulale ofisi ya ustawi siku tatu kuliko kuingia humo usiku mmoja.

Ukiambiwa njoo kesho

Utaambiwa. Kabla hujainuka kwenye kiti uliza mambo matatu: nani nimuulizie nikirudi, kimepungua nini, na kama si hapa, ni ofisi gani. Yaandike mbele yake. Afisa akiona unaandika huwa anafikiri mara ya pili jibu lake, na wewe kesho hutaanza upya.

Piga nakala za vyeti vyote, seti mbili, na asili ziache nyumbani isipokuwa zikihitajika. Nenda asubuhi, kabla maafisa hawajatoka kwenda vijijini au kwenye vikao. Kama unaweza, nenda na mtu. Mwenye shida husahau nusu ya alichoambiwa, na mwenzake hukumbuka.

Bibi sasa ana daftari la shule la kurasa 40 ndani ya ule mfuko mweusi. Hajui kuandika, kwa hiyo kila akitoka ofisini humpa mjukuu, yule aliyefanyiwa upasuaji, amwandikie: tarehe, jina la afisa, na alichosema. Juzi alinionyesha ukurasa wa mwisho. Mtendaji amemwambia mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa nne, na mjukuu ameipigia mstari mara mbili.